Kupanda Kilimanjaro bila kumwelemea mtu wala mlima

Kilimanjaro haina punda. Hema, jiko, mtungi wa gesi, meza ya kulia, trei za mayai, choo cha kubeba pamoja na kilichomo ndani yake, vyote hupanda na kushuka juu ya kichwa au shingo ya mtu. Ukilishika hilo tangu mwanzo, sehemu kubwa ya kinachoitwa utalii wa heshima inabaki kuwa hesabu ya kawaida: kilo hii ni ya nani, anaibeba nani, anakula nini, analala wapi.

Watu hao kwenye karatasi huitwa wapagazi. Wenyewe wanajiita wagumu, na jina limewakaa. Mpandaji mmoja kwa kawaida huhitaji wagumu 3 au 4, na juu yao kuna mpishi, kiongozi na msaidizi wake. Kwa hiyo marafiki wanne wa Dar au Nairobi wanaoamua kwenda kuona kilele wamekwisha kuwa msafara wa watu ishirini kabla hawajafunga begi.

Maelezo haya ni ya anayepanda mara ya kwanza na anayeelewa Kiswahili. Hilo la pili si dogo. Utasikia yanayosemwa jikoni usiku, ambayo mgeni kutoka Ujerumani hayasikii, na ukishayasikia huwezi kujifanya hukujua.

Anza na siku, bei baadaye

Njia ya Marangu ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala: Mandara (mita 2,720), Horombo (mita 3,720) na Kibo (mita 4,720). Zitazame hizo namba. Kila usiku unalala mita 1,000 juu kuliko jana yake. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya malazi na malazi, na upate siku ya kupumzika kila baada ya siku tatu au nne. Ratiba ya siku 5 ya Marangu inauvunja ushauri huo waziwazi, halafu usiku uleule wa Kibo inakuamsha uende kileleni, mita 5,895. Ratiba ya siku 6, yenye usiku wa pili Horombo na matembezi ya mchana kwenda juu kidogo na kurudi kulala palepale, ni bora kwa mbali.

Kwa njia ya Machame chukua siku 7. Ule usiku wa kambi ya Karanga ndio unaotenganisha ratiba ya siku 7 na ya siku 6, usikubali kuuuza. Lemosho chukua siku 8. Umbwe ni fupi na imesimama kama ngazi. Iache kwa waliokwisha kupanda.

Siku ya ziada inaongeza gharama, ni kweli. Lakini anayezidiwa saa nane za usiku juu ya Kibo hashuki kwa miguu yake. Hushushwa kwa machela ya gurudumu moja, na wanaoishikilia ni watu walewale waliobeba mzigo mchana kutwa, sasa gizani, juu ya mawe yanayoteleza. Ukikata siku moja ili kuokoa fedha, sehemu ya bei hiyo inalipwa na magoti yao.

Kuhusu msimu: Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba, ndiyo miezi mikavu. Masika unaweza kupanda, ila jua kwamba wewe una nguo za akiba kwenye begi na mgumu mara nyingi hana. Wiki ya tarehe 9 Desemba misafara ya Siku ya Uhuru hujaza kambi. Ukipenda utulivu, iepuke.

Maswali ya kuiuliza kampuni

Kupanda bila kiongozi mwenye leseni hakuruhusiwi, kwa hiyo kampuni lazima uwe nayo. Ada zinazolipwa KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ni zilezile kwa kila kampuni. Hapo ndipo siri ya bei ilipo. Kampuni mbili zikipishana sana kwa njia moja na siku zilezile, tofauti haijatoka kwenye ada; imetoka kwenye malipo ya watu, chakula chao au idadi yao. Uliza kwa maandishi, WhatsApp inatosha:

1. Mgumu analipwa shilingi ngapi kwa siku, na anaipata lini baada ya kushuka?
2. Anakula mara ngapi kwa siku? Jibu linalotakiwa ni mara tatu. Mtu anayebeba mzigo toka asubuhi kwa chai na mkate, akasubiri ugali wa usiku, ndiye anayeanguka siku ya nne.
3. Analala wapi? Akiambiwa alale kwenye hema la kulia la wageni, maana yake hawezi kulala mpaka ninyi mmalize stori zenu, na hema hilo mara nyingi halina sakafu.
4. Bakshishi inagawiwa vipi, na mbele ya nani?
5. Je, mnafuatiliwa na KPAP? Huu ni mradi wa kusaidia wapagazi, upo Moshi tangu 2003. Unafuatilia hali ya wagumu kwenye misafara ya kampuni zilizojiunga, na unawaazima nguo za baridi bila malipo.

Ukijibiwa "usijali, wale wamezoea", umeshapata ulichokuwa unakitafuta. Tafuta kampuni nyingine.

Jambo moja la kiofisi: raia wa Afrika Mashariki hulipa ada ndogo kuliko wageni wa mbali, lakini kwa kuonyesha kitambulisho. Beba cha taifa au pasipoti yenyewe. Picha iliyo kwenye simu inaweza kukuletea mabishano getini yasiyo na sababu.

Funga begi, kisha upime

Kikomo cha mzigo wa msafara kwa mgumu mmoja ni kilo 20, na mizani ipo getini. Kampuni nyingi hukuruhusu begi la kilo 15, kwa sababu juu yake hufungwa hema au mkeka. Lenga kilo 12. Pima nyumbani kwa kusimama kwenye mizani ukiwa na begi, kisha bila begi, utoe.

Kinachozidisha uzito mara zote ni vilevile: suruali tano badala ya mbili, viatu vya tatu, chupa kubwa za shampuu na losheni, betri ya kuchajia ya gramu 600, na vitafunwa vya kulisha ukoo. Vinavyostahili uzito wake ni begi la kulalia la baridi kali, koti nene, koti la mvua na suruali yake, glavu za tabaka mbili, soksi nzito jozi tatu, na tochi ya kichwani yenye betri mpya. Kileleni baridi hufika nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, na koti la kwendea harusini Lushoto halitoshi. Moshi kuna soko la mitumba la Memorial ambako buti na makoti ya baridi hupatikana kwa bei ya kibinadamu. Buti zikiwa mpya, zivae wiki tatu kabla, si siku ya safari.

Mkoba wa mgongoni unaubeba mwenyewe: maji lita 3, koti la mvua, sweta, chakula cha mchana, dawa zako, mfuko wa taka zako. Kumpa mgumu na huo mkoba ni kumwongezea mzigo ambao mizani ya getini haikuuona. Ukizidiwa njiani kweli, mpe kiongozi msaidizi. Hiyo ni sehemu ya kazi yake.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi mlimani. Tumia chupa ngumu za kujaza tena. Chupa yenye mdomo mpana ni bora kuliko mrija, maana mrija huganda usiku wa kileleni.

Kabla ya geti kuna vijiji

Barabara ya kwenda geti la Machame au Marangu inapita kwenye vihamba: migomba, kahawa chini yake, nyumba katikati. Hapo si sehemu ya hifadhi wala si bustani ya maonyesho. Ni uani kwa watu.

Utaona mimea mirefu yenye majani kama panga iliyopandwa kama uzio. Ni masale. Usiyakate wala usiyachume kwa ajili ya picha. Mengine ni mpaka wa kihamba, mengine yako mahali walipozikwa wazee, na kwa Wachaga jani la sale hupelekwa kwa mtu uliyemkosea kuomba msamaha. Kulichezea ni kama kumkuta mtu na barua rasmi mkononi ukaifanya kipepeo.

Mfereji mdogo wa maji unaokatiza njia ni mfongo. Mifongo imechimbwa kwa mikono, mingine zamani sana, na maji yake yana zamu. Usioshe buti humo, usitie sabuni, usiondoe jiwe unaloliona halina kazi. Jiwe hilo ndilo linalogeuza maji yaende shamba la mtu fulani leo na la mwingine kesho.

Salamu kwanza, kamera baadaye. Shikamoo kwa mzee, habari za shughuli kwa mama aliye shambani, kisha uombe picha. Akikataa, shukuru uendelee. "Aika" ni asante kwa Kichaga, na neno hilo moja linafungua milango. Ukikaribishwa mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, nawe hunywi, sema kabla haijamiminwa, hakuna atakayenuna. Watoto wakiomba pipi au hela, usitoe. Mtoto aliyegundua kwamba barabarani kuna faida kuliko darasani ni tatizo utakalomwachia mwalimu. Ukitaka kuchangia, lipa kiongozi wa kijijini akutembeze Materuni au Marangu, na nunua kahawa kwa aliyeilima.

Getini

Fika mapema, kwa sababu kupima mizigo kunachukua muda, na haraka yako ndiyo inayofanya mzigo wa kilo 24 upite kwa jicho moja. Simama karibu na mizani. Huhitaji kugombana, ukionekana unatazama, inatosha.

Kisha omba orodha ya watu wa msafara wako na uwahesabu kwa macho. Andika majina na kazi: nani kiongozi, nani mpishi, nani anabeba choo. Orodha hiyo ina kazi siku ya mwisho, kwa sababu bakshishi huweza kuombwa kwa watu 16 ilhali waliopanda ni 13. Pia baadhi hurudishwa katikati ya safari chakula kinapopungua. Nao walifanya kazi, wasisahaulike.

Tazama miguu yao. Ukiona mtu amevaa raba zilizopasuka, au hana koti la mvua, mwambie kiongozi hapohapo getini, si kambi ya Shira huko juu. Chini bado kuna mahali pa kuazima. Shira hakuna.

Waite kwa majina. "Wewe kijana, leta maji" haifai kwa mtu mwenye watoto wanne. Kaka, dada, mzee, bosi kwa utani mkizoeana. Kiswahili hakijawahi kukosa neno la kumpa mtu nafasi yake.

Njiani

Asubuhi mnaondoka ninyi kwanza, wagumu wanabaki kukunja kambi, halafu wanawapita. Watakuja nyuma yenu kwa kasi. Mkisikia sauti au mawe yakigongana, jisogezeni upande wa mlima, kamwe si upande wa bonde, msimame hadi wote wapite. Ukikaa upande wa bonde na mzigo ukakugusa, unayeanguka ni wewe. Ukimlazimisha yeye apite ukingoni, anayeanguka ni yeye.

Ukuta wa Barranco ndiko kanuni hiyo inakojaribiwa. Ni kupanda kwa mikono na miguu, na foleni huziba. Kunja fimbo za kutembelea uziweke mkobani kabla ya kuanza, maana fimbo inayoning'inia hunasa mguu wa aliye chini. Simameni kwenye sehemu pana tu. Mgumu aliye na kilo 20 kichwani hawezi kusimama kwenye hatua nusu akisubiri mtu apige selfi.

Njia ikiwa na matope, pita matopeni. Kila anayepita pembeni anaipanua, mvua inayofuata inachimba pale alipokanyaga, na baada ya misimu michache mnapata mitaro mitatu badala ya njia moja. Buti huoshwa.

Juu ya msitu utakutana na senesio, ile miti mikubwa yenye kichwa kama kabichi. Majani makavu yaliyoning'inia kwenye shina si uchafu. Ni blanketi lake, linalozuia shina lisigande usiku. Ukiyavua ili picha iwe safi, umeuvua mmea nguo. Lobelia nayo hutunza maji katikati ya majani yake. Usiku maji hayo hutanda barafu juu na kulinda chipukizi lililo chini. Watu hupenda kutumbukiza kidole au kijiti kuona kama kuna maji. Yapo. Acha.

Usichukue mawe. Mjerumani Hans Meyer alipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alishuka na jiwe akampa Kaiser Wilhelm II, likawekwa kwenye kasri la Neues Palais kule Potsdam. Hilo moja linatosha.

Moto wa kuni haupo kabisa mlimani, na kipisi cha sigara kinahesabika kuwa moto. Vichaka vya nyasi na erika vikikauka hushika upesi kuliko inavyodhaniwa. Mlima uliungua vibaya Oktoba 2020, na moto ukazuka tena Oktoba 2022. Spika acha nyumbani. Wanaotaka muziki wana masikioni pa kuuweka.

Maji: hapa ndipo uzito unapoonekana

Kwenye kambi za chini maji hutoka vijitoni karibu. Barafu, kambi ya mita 4,673 wanayoanzia safari ya kileleni watu wa Machame na Lemosho, haina maji. Chanzo cha mwisho ni bonde la Karanga. Kila tone utakaloliona Barafu limebebwa kutoka huko, karibu mita 700 juu. Upande wa Marangu ni hivyohivyo: Kibo ni pakavu, maji hutoka chini ukishapita Horombo.

Sasa piga hesabu. Wapandaji 10, kila mmoja akitaka karai la lita 2 la maji ya moto kunawa asubuhi na jioni, ni lita 40. Lita 40 ni kilo 40. Hao ni wagumu wawili wamepanda mlima kwa ajili ya nyuso zenu. Barafu na Kibo tumieni vitambaa vya maji kujifutia, au kikombe kimoja kwa uso na meno. Maji ya kunywa usiyabanie, lita 3 hadi 4 kwa siku; hayo ndiyo yaliyobebwa kwa sababu.

Maji ya kijitoni yachemshwe au yatiwe dawa. Vidonge vya klorini hufanya kazi polepole kwenye maji ya baridi, kwa hiyo ongeza muda wa kusubiri kuliko ulioandikwa kwa maji ya kawaida. Sabuni yoyote, hata iliyoandikwa ni rafiki wa mazingira, isikaribie kijito: chota, ondoka hatua 80, oshea huko, mwaga kwenye udongo.

Choo na taka

Kambini kuna vyoo vya hifadhi, na kampuni nyingi hubeba choo cha hema. Tatizo liko katikati ya kambi. Nyuma ya kila jiwe kubwa kati ya Shira na mwamba wa Lava Tower utaona tishu nyeupe. Kwenye baridi ile tishu haiozi kama unavyofikiri. Inakauka, inapeperuka, inanasa kwenye mawe.

Utaratibu ni huu. Nenda kabla ya kuondoka kambini. Ukibanwa njiani, mwambie kiongozi, toka njiani na mbali na maji hatua 80 hivi. Haja kubwa chimba shimo la sentimita 15 hadi 20 ikiwa kuna udongo, ufukie. Tishu na pedi hazifukiwi: zinaingia kwenye mfuko wa kufunga, mfuko ndani ya mfuko mwingine usioonyesha, unashuka nao hadi getini. Weka kijiko kidogo cha majani ya chai makavu ndani, harufu inapungua. Wanawake walio kwenye siku zao wapange hilo mapema. Kimo na uchovu huweza kubadili tarehe.

Maganda ya ndizi na machungwa nayo ni taka. "Yataoza" ni kweli kule chini vijijini Kibosho. Kwenye mita 4,000 yanakaa muda mrefu, na yanawafundisha panya na kunguru wa shingo nyeupe kukaa kambini. Kunguru hao hufungua zipu. Usiwalishe, wala usiache mkoba wazi ukaenda kupiga picha.

Unayempa choo cha hema akisafishe kila siku ndiye mtu mwenye kazi ngumu kuliko wote, na mara nyingi ndiye mpya msafarani. Usitupe humo vitambaa vya maji wala plastiki, kwa sababu atakayevitoa ni yeye, kwa mkono.

Kimo, na kusema ukweli

Kileleni shinikizo la hewa ni kama nusu ya lile la ufukweni Tanga. Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa usingizi na hamu ya kula ni ishara za kawaida za ugonjwa wa mwinuko. Zikiwa nyepesi, pumzika palepale, kunywa, usiongeze kimo hadi zipungue. Mambo mawili hayangoji asubuhi: mtu anayepumua kwa shida akiwa amekaa tu, hasa akikohoa povu, na mtu anayeyumba kama mlevi au kuongea yasiyoeleweka. Mwambie atembee mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa, anashushwa sasa hivi, usiku huohuo, mita 500 hadi 1,000 chini. Oksijeni ya mtungi inasaidia wakati wa kushuka. Haichukui nafasi ya kushuka.

Dawa ya asetazolamidi hutumiwa kuzuia, mara nyingi miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Ongea na daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Itakufanya ukojoe mara nyingi na vidole viwashe kama ganzi. Hilo ni la kawaida. Bima iwe inataja waziwazi kimo cha hadi mita 6,000 na uokoaji wa helikopta, maana nyingi huishia chini ya hapo.

Usimfiche kiongozi hali yako. Na sasa upande wa pili: wagumu nao huugua. Mtu aliyetoka bondeni jana ana mapafu ya bondeni, na anayeogopa kupoteza malipo ya siku zilizobaki hatasema kichwa kinamuuma. Wewe unayeelewa Kiswahili ndiye utakayemsikia akitapika nyuma ya hema akawaambia wenzake ni chakula tu. Peleka kwa kiongozi, ukiongeza kwamba msafara hauna haja ya kumkata siku zake. Neno hilo kutoka kwa mteja lina uzito.

Usiku wa kileleni

Mnaondoka karibu na saa sita usiku. Tochi ielekee miguuni. Kummulika usoni anayeshuka ni kumpofusha kwenye mteremko. Polepole si wimbo wa watalii, ni mwendo wenyewe: ukishindwa kusema sentensi nzima, umekimbia.

Stella Point, ukingoni mwa kreta kabla ya kilele, ni mita 5,756. Ukifika hapo umeishiwa, si aibu kugeuka; bado una saa nyingi za kushuka, na ajali hutokea mara nyingi miguu ikiwa imechoka. Kwenye kilele chenyewe, Uhuru, kuna foleni ya kupiga picha kwenye ubao. Picha tatu au nne, kisha wapishe wengine. Usibandike stika, usifunge bendera ukaiacha, usivunje barafu. Dakika 15 zinatosha, kichwa chako kitakubaliana nami.

Kushuka hadi Barafu, fuata njia iliyochorwa. Kuteleza kwenye changarawe kunafurahisha, lakini mawe unayoyaachia yana watu chini yake.

Bakshishi na buti

Amueni kiasi jioni ya mwisho, wapandaji peke yenu, kabla hamjachoka kabisa. Uliza kampuni kiwango cha kila kazi kabla ya safari, msikisie. Mfano tu wa hesabu: mkiamua shilingi 15,000 kwa siku kwa mgumu mmoja, siku 7 ni 105,000, wagumu 14 ni 1,470,000, kwa wapandaji wanne ni 367,500 kila mtu, bado mpishi na viongozi hawajahesabiwa. Ndiyo maana fedha hii hupangwa pamoja na tiketi, si kwa chenji iliyobaki. Bebeni noti za shilingi zinazogawika. Dola zilizochakaa au za matoleo ya zamani huwapa watu usumbufu benki.

Kosa kubwa ni kumkabidhi mtu mmoja bahasha nene "akawagawie". Huenda ni mwaminifu. Hata hivyo umemweka mahali pabaya na wenzake. Kusanya watu wote, toa ile orodha ya getini, soma kwa sauti: wagumu kila mmoja kiasi hiki, mpishi hiki, kiongozi hiki. Kisha mpe kila mtu mkononi mwake, kwa jina. Aliyerudishwa njiani, fedha yake ipewe ndugu au mwenzake mbele ya wote, jina likisemwa.

Nguo na buti unazotaka kuacha, zitoe baada ya bakshishi na si badala yake. Zigawe kwa kura, maana wewe una koti moja na wao ni kumi na wanne. Au zipeleke KPAP Moshi zikaazimwe kwa wengi. Zioshe kwanza, kagua zipu, na buti zifunge kamba jozi kwa jozi, kwa sababu buti la kushoto peke yake halimfikishi mtu hata Mandara.